Nani Kafungua Boksi

6 Februari

Kaka,

Shikamoo. Huku wote tunapumua, na wanaolalamika wanalalamika kwa kupenda kwao. Goti la mama limetulia. Mpwa wako ameota meno mawili ya mbele na ameyajaribu kwenye kidole cha baba yake, ambaye alipiga ukelele mtaa mzima wakadhani amepata stesheni mpya. Ndiyo, bado wanamwita Redio. Kibanda chake cha kutengenezea redio na televisheni kimehamia mlango wa pili kutoka kwenye cherehani yangu, kwa hiyo sasa kelele zake nazipata nyumbani na kazini. Anakusalimu. Anasema, "Mwambie shemeji sijazimika."

Baba tulimpeleka kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwenda. La kulia linaona kilicho mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Amepewa dawa ya matone. Daktari hakusema itaponya, alisema itachelewesha. Baba alimjibu, "Basi tumekubaliana, mimi pia sina haraka."

Jambo jingine ni dogo. Lile boksi la ndege ya kuunga lililokuwa chini ya kitanda cha baba limefunguliwa. Vipande vimekaguliwa, vyote vipo. Gundi na msasa vimenunuliwa.

Nisalimie wifi. Mwambie kitambaa alichoniletea nimeshakishona, na kila anayeniona ananisimamisha.

Mdogo wako

27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika juzi. Niliisoma mara ya kwanza nimesimama na mara ya pili nimekaa. Sisi hatujambo. Wifi yako amefurahi kuhusu kitambaa. Ghalani kwetu kazi ni ileile, vipuri vya matrekta vinaingia vimepangwa na vinatoka vimevurugwa, na anayeulizwa ni mimi. Habari ya macho ya baba imenikaa kifuani. Tafadhali mtu mmoja tu awe na kazi ya kumtia matone, kwa saa zilezile. Yakiwa kazi ya watu watatu hayatatiwa.

Sasa nije kwenye hilo unaloliita dogo. Boksi halijifungui. Umeandika "limefunguliwa", "vimekaguliwa", "vimenunuliwa". Mwalimu wetu wa sarufi angekuuliza: na nani? Na mimi nakuuliza hivyohivyo.

Lile boksi nililinunua huku, likaja huko kwa meli, nikamkabidhi baba mbele yenu wote na kusema: hili ni la wewe na mimi, nikija likizo tutaliunga pamoja. Ile si karatasi ya kukunja. Ni theluthi ya ndege ya kweli, bawa lake ni refu kuliko kitanda lilichokuwa chini yake, na injini yake inakunywa petroli. Usiku ule ule nilisoma maelekezo yote mpaka mwisho. Baba akasema, "Tutangoja." Nililiandika neno hilo katika shajara yangu na tarehe yake ipo.

Kama ni mumeo aliyelifungua, mfikishie haya kwa upole: ndege ile inaongozwa kwa redio, haitengenezwi na Redio.

Basi. Kama mmeshaanza, muishie kwenye mkia. Mabawa yaningoje. Likizo yangu imesogezwa mpaka Desemba.

Kaka yako

22 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anauliza kama unakula, na wifi asiudhike, anauliza hivyo hata mtu akiwa ametoka kula kwake.

Utani wako niliufikisha. Redio alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Mwambie shemeji hata yeye ana betri zake, ila zimewekwa kinyume." Mimi simo.

Mkia umemalizika, na bawa la kulia pia. Ningekudanganya ningesema limengoja. Mbavu zimebandikwa moja baada ya moja kwenye mhimili, kila moja imefungwa kwa vibanio vya nguo vya mama mpaka gundi ikauke, na mama sasa anaanika nguo juu ya ua kama zamani, kwa kelele nyingi. Baba hukaa kwenye kiti chake karibu na meza. Haoni tena ubavu ukiwa umeinama, lakini anapitisha kidole gumba juu yake na kusema, "Huu unakohoa," na ukipimwa, kweli umeinama. Juzi Redio alishika ubao upande usio wake, baba akamwambia, "Mwanangu, wewe kazi yako ni waya. Mbao zinakuogopa." Nilikuwa sijamsikia baba akicheka hivyo tangu siku ya daktari.

Nina swali. Siku ile ya mvua kubwa dirisha lilisahauliwa wazi, na ukurasa wa kumi na nane wa maelekezo ulilowa. Wino wote umetapakaa. Ndio ukurasa wenye kipimo cha uwiano, yaani ni sentimita ngapi kutoka ukingo wa mbele wa bawa unapaswa kuweka vidole viwili ili ndege ikae sawa, isiinamishe pua wala mkia. Bila kipimo hicho hatujui betri ikae wapi. Tunajua una nakala, ulisema ulitoa nakala ya kitabu chote ukakaa nayo kazini. Tuandikie namba hiyo tu.

Mdogo wako

19 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Tuko salama. Wifi yako alikuwa na mafua, yamekwisha, sasa ninayo mimi. Mwambie mama ninakula.

Kwa hiyo baba anamwita "mwanangu".

Sina neno. Mkwe ni mtoto, ndivyo inavyosemwa. Nimelifikiria tu. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa na baba kwenye trekta la kukatia majani kule uwanja wa ndege. Alikuwa akizima injini kila ndege ikishuka, tunatazama pamoja mpaka magurudumu yaguse, halafu ananiuliza, "Rubani kafanya kosa gani?" Nilikuwa na jibu kila mara. Miaka yote ile alikata majani ya ndege na hakuwahi kupanda hata moja. Ndiyo maana nilimnunulia ile. Sikumnunulia ili apate mtu wa kumwambia mbao zinamwogopa.

Hongera kwa mbavu. Sikujua kwamba fundi redio ana subira ya kungoja gundi ikauke. Kwangu huku hakuwahi kungoja chai ipoe.

Rangi ya kufunika iwe nyekundu juu na nyeupe chini, kama picha ya kwenye boksi. Ile plastiki nyembamba inabandikwa kwa pasi ya moto mdogo, kuanzia katikati kwenda pembeni. Anayeharakisha ataacha mikunjo na mikunjo haifichiki. Mkikwama, acheni. Nitaipiga pasi mwenyewe Desemba.

Msalimie baba. Mwambie yule meneja wetu aliyekuwa akinisumbua amehamishwa.

Kaka yako

11 Mei

Kaka,

Shikamoo. Hujaandika namba.

Nimeigeuza barua yako nyuma na mbele, nikaitazama na ndani ya bahasha. Umejibu habari ya rangi na pasi ambayo hukuulizwa.

Sisi wazima. Ndege imefunikwa, na rangi ni manjano yote, juu na chini. Nyekundu baba haioni tena vizuri, inakuwa nyeusi kwake. Vipande vya rangi vilipitishwa mbele ya jicho lake dukani, muuzaji akidhani tunachagua pazia, na manjano ndiyo aliyoikamata. Pasi imepita bila mkunjo hata mmoja. Nimeweka picha humu. Aliyeipiga ni mpiga picha wa dukani, ndiyo maana Redio kafunga tai.

Jumapili baba aligonga bega kwenye fremu ya mlango wa chumba chake mwenyewe, mlango aliouweka yeye. Daktari anasema tusifanye mipango ya mbali.

Sentimita ngapi, kaka?

Mdogo wako

8 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima. Picha imefika.

Nimeitazama sana. Ndege ni nzuri, siwezi kusema uongo. Hata wifi yako alisema, "Aliyepiga pasi hapa ana mkono." Nikamwambia ni shemeji. Akasema, "Redio? Yule anayevaa shati likiwa na alama ya kamba ya kuanikia?" Akacheka. Mimi sikucheka. Baba ameweka mkono begani kwa Redio. Katika picha zote nilizo nazo za baba na mimi, mkono wake uko mfukoni au kwenye usukani. Nilizitoa zote nikazitazama moja moja, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Mtu anaweza kununua sherehe, akaalika watu, halafu akasikia kelele za sherehe yake akiwa upande wa pili wa ukuta. Sisemi ni wewe uliyejenga ukuta. Lakini wewe ndiye mke wa mwenye kelele.

Kuhusu uwiano. Hilo si jambo la kuandika kwenye barua. Ni jambo la mikono. Mtu anaweza kupewa namba akaisoma vibaya, ndege ikanyanyua pua, ikasimama hewani, ikaanguka kama gunia. Ni bora ingoje. Desemba si mbali. Injini haiozi. Nitakuja, nitaishika mimi upande mmoja na baba upande wa pili, na kazi itakuwa imefanywa na walioahidiana.

Matone anatiwa na nani? Hukunijibu.

Kaka yako

30 Juni

Kaka,

Shikamoo, kwa sababu nimefundishwa.

Matone namtia mimi, asubuhi na jioni, na boksi nililifungua mimi.

Umeuliza tangu Februari, haya, shika. Mimi nilikata mkanda wa boksi kwa mkasi wangu wa kazi. Mimi nilibandika mbavu. Mimi nilipiga pasi, kwa pasi ileile ninayopigia kola za watu, na kama umeona mkono, ni wangu. Redio kafunga waya na kaleta vichekesho, na siku ya picha alikaa karibu na baba kwa sababu mpiga picha alisema mwenye tai akae katikati. Mimi siko pichani. Nilikuwa nimeshika mkia usidondoke.

Utasema mbona niliandika "zimebandikwa" na "imefunikwa". Niliogopa. Nilijua ukimwonea wivu shemeji utapoa ukimwona, maana nani anaweza kumkasirikia Redio uso kwa uso? Lakini wivu wa ndugu kwa ndugu hauna pa kupoea. Basi nikamwacha akubebee lawama zangu. Yeye alijua. Alisema, "Niweke mimi mbele, mimi nina mgongo mpana."

Na kile kindege chako cha zamani cha rimoti ulichokiacha juu ya kabati, nimekuwa nikikirusha kila Jumapili tangu mwaka juzi. Nimekivunja mabawa, nimekiunga, nimekivunja tena. Baba alikuwa akinisimamia nyuma na kuniuliza, "Rubani kafanya kosa gani?" Kumbe lilikuwa swali lako. Sikujua. Wewe ulipandishwa kwenye trekta, mimi niliambiwa uwanja wa ndege una vumbi, nibaki na mama. Ulikuwa ukirudi unanukia majani unakaa mezani unasimulia, na mimi nakuchukia kwa kila neno huku naomba usinyamaze. Kwa hiyo usinifundishe ukuta.

Sasa sikiliza. Namba hiyo ningeweza kuikisia. Bawa ni bawa, kindege kimenifundisha, na ningekosea kidogo tu. Betri nilikuwa nimeshaishika mkononi mwezi wa nne. Baba ndiye aliyekataa. Alisema, "Hii ni ya kaka yako. Tusikisie kwenye mali ya mtu. Ataandika." Kila barua yako ikifika ananiuliza, "Kaandika?" Namwambia barua imechelewa, namwambia umebanwa na kazi. Nimemaliza uongo wote niliokuwa nao.

Bado anaona kidogo. Kidogo sana.

Mdogo wako

14 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba.

Sentimita kumi na mbili na nusu. Kutoka ukingo wa mbele, kwenye shina la bawa, tangi la petroli likiwa tupu. Betri iwe mbele kabisa, nyuma ya injini, ifungwe kwa mikanda miwili.

Nimeipeleka barua hii mwenyewe kwa dereva wa lori letu linalovuka mpaka, sikuiacha posta.

Wifi yako anakusalimu. Nami haongei tangu asome barua yako.

Kaka yako

9 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, mpwa wako anasimama akishika meza.

Barua ilifika Jumanne. Betri ilifungwa. Hapana, niliifunga. Mimi na baba tuliinyanyua kwa vidole viwili viwili, kwenye namba yako, ikakaa sawa kama mizani. Baba alisema, "Umeona? Nilikwambia ataandika."

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwenye uwanja wa majani nyuma ya kiwanda cha matofali. Hapakuwa na upepo. Mama alikuja na mwavuli na kiti. Redio alishika mkia nilipowasha injini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza. Nikaishika rimoti kwa mikono miwili. Nikasukuma kijiti cha injini. Ilikimbia juu ya majani ikiyumba, nikadhani nimeiua, halafu magurudumu yakaacha kutetemeka. Haikuruka, kaka. Iliacha tu kuwa chini.

Niliigeuza juu ya paa la kiwanda. Mama alikuwa akipiga makofi na mwavuli umeanguka. Kisha nikamsikia baba.

"Iko wapi?"

"Juu ya paa, baba. Inageuka kushoto."

Akageuza kichwa, lakini ilikuwa imeshapita. "Iko wapi sasa?"

"Juu ya miti."

"Nasikia injini tu."

Mwezi wa nne alikuwa anaona gari zima likipita barabarani. Sasa anaona kiasi cha sahani. Redio alikwenda akasimama nyuma yake, akamshika mabega yote mawili, akaanza kumgeuza polepole kuifuata ndege, kidogo kulia, kidogo kushoto, rudi, kama anavyotafuta stesheni kwa kitufe. Mimi nikaishusha, nikapunguza mwendo mpaka nikaogopa, nikaileta moja kwa moja mbele yao. Niliomba tu ikutane na jicho lake.

Baba akasema, "Manjano!"

Akanyoosha mkono. Ilikuwa imeshapita juu ya kichwa chake. Mkono ukabaki pale pale, unaelekeza mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Nilipita hivyo tena na tena, mpaka petroli ikakaribia kwisha. Hakuipata tena. Ilitua vizuri, gurudumu moja limepinda kidogo. Baba aliipapasa kuanzia pua hadi mkia, ikiwa bado ya moto, akasema rubani hakufanya kosa.

Jioni aliniuliza kama nitakuandikia. Nikasema ndiyo. Akasema, "Mwambie nimeiona. Usimwambie niliionaje."

Sasa nimekwambia.

Mdogo wako

25 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Leo sina salamu ndefu.

Nimeomba likizo ya dharura na wamenipa. Meneja mpya aliuliza dharura ni nini, akatazama uso wangu akatia sahihi. Nitafika mwishoni mwa wiki ijayo. Wifi yako ameanza kuongea nami, lakini maneno ya lazima tu: pita, kula, funga mlango.

Nakuonea wivu. Nimejaribu kuandika jambo jingine mahali pa sentensi hiyo, nimechana karatasi, imerudi ileile. Ulikuwepo. Uliuona mkono wake ulivyonyooka. Hata hilo neno moja alilosema, ulilisikia kwa sauti yake na mimi nimelisoma kwa mwandiko wako. Nilidhani nikiishikilia namba, nimekishikilia kiti changu pembeni ya baba. Nilikuwa nimeshika namba tu, na siku nilizozipoteza zilikuwa za macho yake.

Nikifika nitaomba rimoti. Najijua, nitaomba mchana wa kwanza. Usinipe. Mwambie Redio nitamletea tai nyingine, ile ya pichani ni ya mtu anayekwenda mahakamani.

Baba asiambiwe kwamba nakala ilikuwa kwenye droo yangu siku zote hizo. Nadhani anajua. Lakini asiambiwe na wewe wala na mumeo. Nitamwambia mimi. Nitavuta kiti, nitakaa mbele yake kabisa, karibu, pale ambapo jicho bado linafika, ili auone uso wangu wakati nasema.

Kaka yako